Ja'Marr Chase na dola milioni 161: bei halali, au Bengals wamepigwa?

#1 Mzee wa Yadi (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Leo tuache ya Kariakoo, twende Cincinnati.

Machi hii ya 2025 Bengals, timu ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani), wamemwongezea mpokeaji wao Ja'Marr Chase miaka 4 kwa dola milioni 161, dhamana milioni 112. Wastani ni 40.25 kwa mwaka. Hakuna asiye kotabeki (mrusha pasi) aliyewahi kufika hapo. Mimi nasema wamepigwa. Mpokeaji hagusi mpira mpaka mwenzake amrushie. Chase alilengwa mara 175 msimu wa 2024, kama mara 10 tu kwa mechi. Halafu Kansas City walimwachia mpokeaji wao Tyreek Hill aende Miami Machi 2022, wakabeba ubingwa misimu miwili mfululizo bila yeye. Na hao Bengals wenyewe wamemaliza 9-8 (ushindi 9, vipigo 8), mtoano hawakuuonja, wakati Chase ameongoza ligi nzima kwa midako (127), yadi (1,708) na tachidauni, mabao ya mchezo huu (17). Kama ubora wote huo haukuwavusha, hiyo milioni 40 inanunua nini?

Karibuni.

#2 Mluguru Halisi
Nimekaa pale na kahawa na kashata.

#3 Fundi Hesabu
Mzee wa Yadi, kabla hatujafika mbali turekebishe namba yako. 40.25 ni wastani wa pesa mpya tu. Chase alikuwa bado na mwaka 2025 kwenye mkataba wake wa kwanza, ule mwaka wa 5 ambao timu ina haki ya kuuongeza kwa mchezaji aliyechaguliwa raundi ya 1 ya drafti (mgawo wa wachezaji wapya). Mwaka huo una milioni 21.816. Nyongeza haikuufuta, imeungwa nao. Kwa hiyo Bengals wanamlipa 182.816 kwa miaka 5, kuanzia 2025 hadi 2029. Gawanya upate 36.56. Hiyo ndiyo gharama ya klabu kwa mwaka. Ile 40.25 ni namba ya wakala, ya kuwindia mteja mwingine.

Wenzake nao wapime hivyo hivyo. Justin Jefferson wa Vikings, Juni 2024: 140 mpya jumlisha 19.743 ya mwaka wa 5, unapata 159.743, sawa na 31.95 kwa mwaka. CeeDee Lamb wa Cowboys, Agosti 2024: 136 jumlisha 17.991, ni 153.991, sawa na 30.8. Pengo la Chase na Jefferson lililokuwa 5.25 limeshuka hadi 4.6. Bado ni kubwa, ila si lile la gazetini.

#4 Nyuki_254
Hesabu safi, lakini dola ya 2024 na ya 2025 hazina uzito mmoja. Kapu la mishahara, yaani jumla ambayo kila timu inaruhusiwa kuhesabu kwa wachezaji wake kwa mwaka, lilikuwa milioni 208.2 mwaka 2022, 224.8 mwaka 2023, 255.4 mwaka 2024, na mwaka huu ni 279.2. Limepanda 34% kwa miaka mitatu. Ukilinganisha mikataba kwa dola tupu, kila anayesaini baadaye ataonekana mwizi.

Chukua wapokeaji wa bei ya juu, wastani wa pesa mpya, gawanya kwa kapu la mwaka wa kusaini:

Calvin Johnson 2012: 16.2 kwa 120.6, ni 13.4%.
Julio Jones 2019: 22 kwa 188.2, ni 11.7%.
Hill 2022: 30 kwa 208.2, ni 14.4%.
Lamb 2024: 13.3%.
Jefferson 2024: 13.7%.
Chase 2025: 14.4%.

Kwa hiyo Chase hajavunja chochote. Amesimama palepale aliposimama Hill miaka mitatu iliyopita, na kwa umbali si mrefu kutoka kwa Calvin Johnson wa 2012.

#5 DadaTakwimu
Nyuki, kwa Hill umeingizwa mjini.

Ile 30 ya Hill haikuwa 30. Nyongeza yake Miami ilikuwa milioni 120 kwa miaka 4, lakini mwaka wa mwisho, 2026, peke yake ulibebeshwa 45. Miaka mitatu ya mwanzo ni 75, yaani 25 kwa mwaka. Mwaka ule wa 45 uliwekwa ili wakala atangaze 30, na hakuna aliyetarajia ulipwe. Agosti 2024 mkataba ukafumuliwa upya. Kwa 25 halisi, Hill alikuwa 12% ya kapu.

Mpokeaji Davante Adams vilevile. Raiders 2022 walitangaza 140 kwa miaka 5, wastani 28. Fungua ndani: miaka mitatu ya kwanza ni 67.5, wastani 22.5, na miaka miwili ya mwisho imejazwa zaidi ya 35 kila mmoja. Adams aliondoka kwenda Jets Oktoba 2024, hajaugusa hata mmoja wa hiyo.

Njia ya kugundua ni rahisi. Tazama malipo ya mwaka wa mwisho. Yakizidi sana wastani wa miaka iliyotangulia, na hayana dhamana hata senti, yakate, kisha ugawanye upya. Jefferson, Lamb na Chase hawana mkia mnene wa namna hiyo. Kwa hiyo 14.4% ya Chase ni ya kweli na ni ya juu kuliko zote ulizoorodhesha.

#6 Mzee wa Yadi
Ahsante DadaTakwimu, umenipigia pasi. Kwa hiyo ndiyo bei halisi ya juu kuliko zote. WAMEPIGWA.

#7 Bwana Kapu
Tulia mzee. Mpaka sasa hakuna aliyegusa dhamana, na huko ndiko mkataba wa NFL unakosomwa. Mnaangalia jumla kama vile ni soka la FIFA, ambako ukivunja mkataba bila sababu ya haki unalipa fidia. NFL timu inaweza kumtema mchezaji kesho asubuhi, na mshahara usio na dhamana unaishia hapo hapo.

Dhamana zenyewe ni za aina mbili kuu. Kuna kamili ya siku ya kusaini: inalipwa akishuka kiwango, akiumia, au timu ikikosa nafasi kwenye kapu. Na kuna ya majeraha tu, ambayo inageuka kuwa kamili ikifika tarehe fulani, mara nyingi siku ya 3 au ya 5 ya mwaka mpya wa ligi katikati ya Machi. Kati ya siku ya kusaini na hiyo tarehe, timu ikimtema akiwa mzima, pesa imeyeyuka.

Sasa angalia. Jefferson: jumla ya dhamana 110, kamili siku ya kusaini 88.743. (Huo mkia wa .743 unawaonyesha kwamba ule mwaka wake wa 5 umehesabiwa humo.) Chase: jumla 112, kamili siku ya kusaini 73.9. Kwa kutumia jumla za Fundi, Jefferson alifungiwa 55.6% ya pesa zake zote siku ya kwanza, Chase 40.4%. Kwa jicho hili Jefferson ana mkataba bora, na Bengals wamejilinda kuliko Vikings. Wao ni wagumu wa dhamana tangu zamani. Walizoea kuhakikisha bonasi ya mwanzo tu, mishahara ya mbele ikabaki hewani.

#8 Mluguru Halisi
Swali la mlevi: kwa nini 161? Kwa nini isiwe 160, namba ya mviringo?

#9 Nyuki_254
Kwa sababu wiki moja kabla yake mlinzi Myles Garrett wa Browns alikuwa amepata wastani wa 40 kamili. 160 kwa miaka 4 ingemweka Chase sawa naye. 161 inampitisha kwa robo milioni, na kichwa cha habari kinabadilika. Hiyo milioni moja ya ziada ni ya matangazo.

#10 Mluguru Halisi
Yaani milioni nzima ya kutia chumvi. Haya, endeleeni.

#11 Fundi Hesabu
Twende uwanjani. Mzee wa Yadi ametaja 127, 1,708 na 17 kama vile namba hizo zinajitegemea. Ukubwa wa yadi za mpokeaji unabebwa na mara ambazo timu inarusha. Burrow, kotabeki wa Bengals, alirusha mara 652 mwaka 2024. Gawanya yadi za Chase kwa marusho ya kotabeki wake: 1,708 kwa 652 ni 2.62.

Jefferson msimu huohuo: 1,533, Sam Darnold karusha 545. Ni 2.81. Rudi 2022, Jefferson 1,809, Kirk Cousins 643. Ni 2.81 tena! Makotabeki wawili tofauti, misimu miwili tofauti, namba ileile mpaka desimali ya pili.

Kwa hiyo ukiondoa wingi wa marusho, Jefferson wa 35 alizalisha zaidi kuliko Chase wa 40.25. Chase anamzidi waziwazi kwenye tachidauni, 17 kwa 10, na tachidauni ndizo zinazoyumba zaidi mwaka hadi mwaka. Yeye mwenyewe: 13, 9, 7, 17.

#12 Kocha wa Ruti
Fundi, kipimo chako kina tobo. Kinampunja mwenye mwenzake mzuri. Chase anagawana mipira na Tee Higgins, ambaye kwa mechi 12 tu alipata yadi 911 na tachidauni 10. Mpokeaji aliye peke yake kwenye timu hupata sehemu kubwa ya marusho hata akiwa wa kawaida. Kipimo kizuri zaidi ni yadi kwa kila ruti (njia ya kukimbilia pasi) aliyokimbia, halafu uzitenganishe ruti alizobanwa na mlinzi mmoja na zile ambazo beki wa nyuma alimwegemea. Ukimwona beki wa nyuma anasogea upande wa Chase kabla mpira haujaanza, huyo Chase ameshafanya kazi ambayo haiandikwi popote, kwa sababu Higgins amebaki na mtu mmoja.

Na ile hoja ya 9-8 naomba iondolewe kabisa. Baltimore, mechi mbili za 2024. Ya kwanza Chase yadi 193 na tachidauni 2, wamepoteza 41-38 katika muda wa nyongeza. Ya pili yadi 264 na tachidauni 3, wamepoteza 35-34. Jumla yadi 457, tachidauni 5, vipigo viwili, tofauti ya pointi 4. Halafu Steelers wakaja wakawafunga 44-38. Timu inayopata 38 nyumbani mara mbili na kupoteza zote, tatizo liko kwa mpokeaji?

#13 Mzee wa Yadi
Kocha, hapo umenisaidia bila kujua. Kama ulinzi ndio uliovuja, kwa nini pesa ipelekwe kwa mpokeaji? Siku moja na Chase wamempa Higgins 115 kwa miaka 4, ni 28.75. Burrow ana wastani wa 55 tangu 2023. 55 + 40.25 + 28.75 = 124. Kapu ni 279.2. Watu watatu 44%! Wachezaji wengine 50 wagawane makombo?

#14 Bwana Kapu
Umechanganya wastani wa mkataba na mzigo wa mwaka kwenye kapu. Ni vitu viwili.

Chukua mfano wa kubuni: mchezaji kapewa mkataba wa miaka 5, bonasi ya kusaini milioni 40 na mshahara wa kima cha chini, 1.2. Mfukoni mwaka wa kwanza anapokea 41.2. Kwenye kapu bonasi inagawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi 5, kwa hiyo inahesabiwa 8 kila mwaka. Mzigo wa mwaka wa kwanza ni 9.2 tu. Wenye mali wanalipa taslimu leo, kapu linalipa kwa awamu.

Ubaya wake ni siku ya kuachana. Akitemwa baada ya miaka 2, zimebaki awamu tatu, 24, na zote zinaangukia mwaka huo kwa mkupuo. Hiyo ndiyo hela mfu. Ukimtangaza kuwa ametemwa baada ya Juni 1 (kila timu ina nafasi mbili za aina hiyo kwa mwaka) unabeba 8 mwaka huu na 16 mwaka ujao. Mfano hai ni mpokeaji Stefon Diggs. Bills walimwongezea 2022 kwa wastani wa 24, Aprili 2024 wakamhamishia Houston, wakabaki na hela mfu milioni 31.1 kwa mtu anayevaa jezi ya wengine.

#15 DadaTakwimu
Naongezea kwa Bwana Kapu, maana hapo ndipo watu wa Philadelphia wanapowaacha wenzao. Eagles wanaweka mshahara wa kima cha chini kila mwaka, kinachobaki wanakigeuza kuwa bonasi ya chaguo. Inalipwa mwaka husika, na mgawanyo wake wa miaka 5 unaanza upya kuanzia hapo. Mkataba ukikosa miaka ya kutosha wanaongeza miaka hewa mwishoni, kama watumishi hewa wetu: majina yapo kwenye daftari, kazini hawapo. Wapokeaji wao A.J. Brown ana wastani wa 32 na DeVonta Smith 25, wote wamelipwa 2024, na Februari 2025 Eagles wamewafunga Kansas City 40-22 kwenye Super Bowl.

Kwa hiyo Mzee wa Yadi, ile hoja yako ya "Kansas City walishinda bila Hill" imejibiwa na Kansas City hao hao.

#16 Mzee wa Yadi
Fainali moja haifuti mbili.

#17 Kocha wa Ruti
Na mbili hazifuti kwamba walikuwa na Mahomes anayerusha na Kelce anayedaka. Ukiwa na hao wawili, hata mimi niko upande wa kutolipa mpokeaji.

#18 DadaTakwimu
Kinachonitisha mimi ni kulipa baada ya msimu wa taji. Cooper Kupp, mpokeaji wa Rams, 2021: midako 145, yadi 1,947, tachidauni 16. Aliongoza zote tatu, kama Chase sasa. Kwa kipimo cha Fundi, 1,947 kwa marusho 601 ya Stafford ni 3.24! Anamzidi Jefferson, anamzidi Chase. Juni 2022 Rams wakamwongezea 80 kwa miaka 3, dhamana 75. Baada ya hapo: mechi 9, yadi 812. Mechi 12, yadi 737. Mechi 12, yadi 710. Machi 2025 wakamtema.

Michael Thomas wa Saints alipewa wastani wa zaidi ya 19 mwaka 2019, msimu huo akaweka rekodi ya midako 149. Kifundo cha mguu kikaharibika mechi ya kwanza ya 2020. Kuanzia msimu huo, kwa misimu minne alicheza mechi 7, 0, 3 na 10.

Ukisaini baada ya msimu bora wa maisha yake, unanunua kwenye kilele.

#19 Nyuki_254
Umri, dada! Kupp alisaini akikaribia miaka 29. Adams alikuwa 29, Hill 28, Diggs 28. Chase ametimiza 25 mwezi huu. Msimu wa mwisho wa mkataba atakuwa na 29. Bengals wananunua miaka ambayo wale wengine walikuwa wanaimalizia. Mfano wako wa Thomas ndio wenye uzito, maana alikuwa 26. Huo ni wa majeraha, na hakuna hesabu inayotabiri kifundo cha mguu.

#20 Fundi Hesabu
Kuna swali moja halijaulizwa: bila nyongeza, Bengals wangelipa nini? Bei ya kitu huwezi kuijua bila kuijua njia mbadala.

Mwaka 2025 wangemlipa 21.816 kama ilivyo. 2026 wangemwekea tagi, ile haki ya kumzuia mwaka mmoja asiende sokoni. Tagi ni kiwango cha nafasi yake au 120% ya malipo ya mwaka uliotangulia, kubwa kati ya hizo. 120% ya 21.816 ni 26.18. (Namba hiyo si ya kufikirika. Ndiyo tagi ya pili aliyowekewa Higgins mwaka huu kabla ya kusaini.) Tagi ya pili kwa Chase 2027 ni 120% tena: 31.4. Jumla ya miaka mitatu, angalau 79.4, karibu 26.5 kwa mwaka, bila kujifunga kwa miaka ya mbele.

Kwa hiyo wamelipa ziada kubwa juu ya njia ya bei nafuu. Walichonunua kwa ziada hiyo ni 2028 na 2029, amani ya chumba cha kubadilishia nguo, na nafasi ya kugawa bonasi kwenye kapu, maana tagi inahesabiwa yote mwaka huohuo, haigawanyiki.

#21 Kocha wa Ruti
Na kambi usiisahau. Mchezaji mwenye tagi ambaye hajaisaini hana mkataba, anaweza kukaa nyumbani mpaka Septemba bila faini. Aliye ndani ya mkataba akisusia kambi anakatwa 50,000 kwa siku, au 40,000 kama yuko kwenye mkataba wa kwanza wa drafti, na hiyo ya pili klabu inaweza kuisamehe. Ndiyo maana siku hizi wanafika kambini, wanasimama pembeni na kofia, hawafanyi mazoezi. Chase alifanya hivyo 2024.

#22 Bwana Kapu
Kocha umenifikisha nilipotaka. Kosa la Bengals, kama lipo, ni kuchelewa mwaka mmoja. Tazama mpangilio wa 2024. Aprili 24 Lions wanamsainisha Amon-Ra St. Brown kwa 30. Siku moja baadaye A.J. Brown 32. Juni 3 Jefferson 35. Agosti Lamb 34. St. Brown na Chase ni wa drafti moja, 2021! St. Brown alichaguliwa raundi ya 4, hakuwa na mwaka wa 5, ikabidi Lions wawahi. 30 kwa 255.4 ni 11.7% ya kapu. Bengals walikuwa na mwaka wa ziada mkononi, wakajiona wana muda, na huo muda ndio uliowagharimu: Jefferson, Lamb, Garrett wote wakasaini mbele yao, na Chase akaenda kuchukua taji zote tatu.

#23 Fundi Hesabu
Hapana, hapo sikubali. Kusubiri kuna faida pia: umepata msimu mzima wa ushahidi kwa 2024, kwa mshahara wa mkataba wa drafti. Angeumia goti Oktoba 2024 ungesema wamefanya akili. Brandon Aiyuk alisaini Agosti 2024 kwa 120, goti likaenda Oktoba hiyo hiyo.

#24 Mluguru Halisi
Jamani hizi mechi mnaziangalia saa ngapi?

#25 Nyuki_254
Za Jumapili zinaanza saa 2 usiku za kwetu, wakibadilisha saa zao Novemba inakuwa saa 3. Super Bowl ni saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Na usifikiri tuko mbali sana na huo mchezo. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasainiwa na Colts 2013.

#26 Mluguru Halisi
Alikuwa mpokeaji?

#27 Nyuki_254
Mlinzi. Na hakupata 161.

#28 DadaTakwimu
Kabla uzi haujapotea kabisa: kodi. Minnesota, kwa Vikings, kiwango cha juu cha kodi ya jimbo ni 9.85%. Ohio 2024 ilikuwa 3.5%, na jiji la Cincinnati linachukua 1.8%. Majimbo mengi hutoza kwa siku za kazi zilizofanyikia humo, kwa hiyo mechi za ugenini zina kodi zake. Lakini pengo la mfukoni kati ya Chase na Jefferson ni kubwa kuliko lile la karatasini. Florida, Texas na Tennessee hazitozi kabisa, na kwa hiyo 25 ya Hill kule Miami haikuwa ndogo kama ninavyoifanya.

Pia angalieni bonasi za kila mechi. Ukiona 510,000 ya kuwemo kikosini, ni 30,000 mara mechi 17. Asiyevaa jezi siku hiyo hapati. Timu zinazoogopa misuli ya mchezaji ndizo huzipenda, na wakala hutangaza yote kama vile imeshalipwa.

#29 Fundi Hesabu
Kapu likipanda 7% kwa mwaka (ni makisio yangu, tangu 2022 limekwenda kwa kasi zaidi), 2029 litafika kama 366. 40.25 hapo ni 11%. Ni chini ya bei ya St. Brown wa 2024.

#30 Mzee wa Yadi
Kwa hesabu hiyo kila mkataba ni mzuri ukisubiri vya kutosha. Hata wa Kupp.

#31 Bwana Kapu
😂 Hapo mzee kapata.

#32 Nyuki_254
Naufufua uzi, Septemba 2025. Rekodi ya Chase ilidumu miezi minne: Julai mlinzi T.J. Watt 41, na mwisho wa Agosti mlinzi mwingine, Micah Parsons, kahamia Green Bay kwa 188 miaka 4, ni 47, au 16.8% ya kapu. Ila kwa wapokeaji hakuna aliyemgusa. Garrett Wilson wa Jets kasaini Julai kwa 130, wastani 32.5, ni 11.6%. Soko lilimwona Chase peke yake juu, halikumfuata. Hiyo inasemaje?

#33 DadaTakwimu
Inasema ama alizidishiwa, ama hakuna mwingine wa daraja lake aliyekuwa sokoni. Wilson hajawahi kuongoza ligi kwa chochote. Usimtumie kama ushahidi.

#34 Mzee wa Yadi
Mimi nina ushahidi mwingine. Wiki ya 2, Burrow kidole cha mguu, kafanyiwa upasuaji, inasemekana miezi mitatu nje. Rudini #1, hoja yangu ya kwanza kabisa: hagusi mpira mpaka mwenzake amrushie. Haya, 40.25 inasubiri pasi za nani?

#35 Kocha wa Ruti
Za Jake Browning, kotabeki wa akiba, kama 2023. Burrow alikosa mechi 7 mwaka ule na Chase akamaliza na yadi 1,216.

#36 Fundi Hesabu
Kocha, 1,216 ni ya msimu mzima. Zitenge zile alizopata Browning akiwa anarusha, gawanya kwa marusho ya Browning, uniwekee hapa. Ikizidi 2.62 namwomba radhi Chase.

#37 Kocha wa Ruti
Nipe mpaka kesho. Na ikipungua usiseme kitu, maana mechi 7 ni chache.

#38 Mluguru Halisi
Kahawa imeisha, naagiza nyingine.